Kibao cha Nyuma

Watu wengi mjini hawakumjua kwa jina alilopewa na baba yake. Walimwita Makochi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuhamisha watu, na katika kuhama hakuna kitu kinachomtoa mtu jasho na matusi kama kochi lililokataa kupita mlangoni. Alikuwa na pikapu kuukuu ambayo zamani ilikuwa nyeupe, na tangu mkewe afariki, pikapu ndiyo aliyokuwa akizungumza nayo kila asubuhi.

Asubuhi hiyo hakuzungumza nayo. Binti yake, msusi, alikuwa amekaa kiti cha pembeni, kiti cha mama yake, amepakata bahasha ya karatasi za gari kama mtu aliyebeba mayai.

"Baba, tumekubaliana nini?" akauliza.

"Nifunge mdomo."

"Hata wakikuuliza?"

"Wakiniuliza nitajibu ndiyo au hapana."

"Ndiyo na hapana zako nazijua. Zinaanza fupi."

Usajili wa gari ulikuwa umekwisha muda. Wiki iliyopita trafiki alimsimamisha akiwa na nusu ya nyumba ya mwalimu mmoja mgongoni mwa pikapu, kabati, vitanda na kuku watatu kwenye tenga, akaigusa stika ya kiooni kwa ncha ya kalamu na kumwambia: mara nyingine gari litalala kituoni na wewe utalala kwako ukiliota. Basi nusu ya pili ya nyumba ya mwalimu ilikuwa bado inangoja kule ilikotoka, na mwalimu na familia yake walikuwa wanalala kwenye vitanda bila magodoro. Jumamosi lazima ipelekwe. Bila stika mpya, hakuna Jumamosi, na bila Jumamosi mwalimu atatafuta mwingine, na habari itasambaa kwamba Makochi huhamisha watu nusu nusu.

Zamani haya ya kuhuisha usajili yalikuwa ya mkewe. Walikuwa wakifika ofisini wote wawili, lakini aliyeshuka ni mmoja. "Wewe kaa na gari," mkewe alikuwa akimwambia, "lisiibwe." Nani angeiba gari lile, hakuna aliyeuliza. Ukweli ni kwamba mwaka mmoja Makochi aliingia mwenyewe, akamkuta ofisa anakula karanga huku foleni imefika nje, akamwambia maneno. Maneno yenyewe hayaandikiki. Mwaka ule walizungushwa mpaka soli za viatu zikalia. Tangu hapo mke ndiye aliyeingia, mume akabaki nje akilaumu kupitia dirisha la gari. Mdomo huponza kichwa, wahenga walisema, na wahenga wenyewe nadhani walisema hivyo wakiwa kwenye foleni.

Mkewe alikuwa mwandika vibao. Mji mzima ulimwita Mama Brashi. Kinyozi, mashine ya kusaga, duka la vyuma, geti la shule, kila mahali palipokuwa na maneno ya rangi, mkono ulikuwa wake. Herufi zake zilisimama kama watu waliooga. Alizipigia kivuli kwa upande mmoja hadi ukadhani zimechomoza ubaoni, unaweza kuning'inizia kofia.

Kisha wakubwa wakakaa kikao. Wakubwa wakikaa kikao, mdogo ajiandae kusimama. Ikatoka amri kwamba vibao vya kuandikwa kwa mkono ni uchafu, vinaharibu sura ya mji, vyote viondolewe, viwekwe vya plastiki vinavyochapwa kwa mashine. Likapita lori. Wafanyakazi wakang'oa kibao kimoja baada ya kingine, wakavitupa juu ya lori kama vyombo vilivyovunjika, na Mama Brashi akasimama mlangoni kwake akivitazama vikipita. Hakusema kitu. Makochi ndiye aliyesema, kwa niaba ya wote wawili na ya majirani.

Mwaka haukuisha, akaugua. Hospitali mashine ya kumsaidia kupumua ilikuwepo, mtu wa kuiwasha ndiye hakuwepo. Alikuwa kwenye semina, alikopelekwa na wakubwa haohao. Makochi hakusomea udaktari, hata shule ya msingi aliiacha njiani, lakini hilo halikuhitaji kusomea. Akamzika mkewe, akarudi nyumbani, na alipoutafuta mkono wake mjini mzima hakuuona popote. Ulikuwa umebaki mahali pamoja tu: nyuma ya pikapu, kwenye kibao cha namba.

Ilikuwa hivi. Kabla ya ugonjwa, namba za gari zilikuwa zimefifia mpaka trafiki wakawa wanazisoma kwa kukisia. Vibao vyenyewe vilikuwa vya mtindo wa zamani, bati tambarare. "Twende tukapange foleni ya nini," Mama Brashi alisema, "na mimi nina mikono?" Akakifungua cha nyuma, akakilaza mezani, akakipaka upya na kuandika namba ileile, herufi kwa herufi, na kivuli chembamba juu yake. Ukikitazama ungeapa kimetoka kiwandani asubuhi ile. Kisha akamkabidhi mumewe brashi.

"Cha mbele andika wewe."

"Mimi? Mimi naandika jina langu kwa kulikumbuka."

"Mume wa mwandika vibao hajui kushika brashi, watu watasema nimekunyima siri ya kazi. Andika. Na kivuli kiweke upande mmoja tu. Jua haliko pande mbili."

Akaandika. Kivuli kikawa pande zote, herufi zikaegemeana kama walevi wanaorudi kwao. Mama Brashi alicheka mpaka akakalia kopo la rangi lililo wazi, na gauni lile halikutakata tena. Vibao vyote viwili wakavifunga garini hivyohivyo, kimoja mbele, kimoja nyuma.

Ndiyo maana asubuhi hii Makochi aliendesha polepole. Stika aliitaka. Lakini aliogopa kwamba watakitazama kibao cha nyuma.

Uwanja wa ukaguzi ulikuwa nyuma ya ofisi, umemwagwa kokoto na mafuta machafu. Mkaguzi alikuwa mtu wa makamo, kizibao cha kung'aa kimembana tumboni, kalamu sikioni. Akawasha taa, akazima. Akapiga honi, akakunja uso. Akapiga teke magurudumu yote manne kama anayeamsha watu. Kisha akasimama mbele ya pikapu, akainama.

"Hii kaandika nani, kuku?"

Makochi akafungua mdomo. Binti akaufunga kwa jicho.

"Tuliandika wenyewe, kaka," binti akasema. "Zilikuwa zimefutika."

"Sheria hairuhusu kuandika kwa mkono. Hiki hakifai." Akazunguka nyuma, akakitupia macho kibao cha pili, akaweka alama kwenye karatasi yake bila hata kuinama. "Cha nyuma kizima. Nendeni dirishani mpewe cha mbele kipya. Cha zamani mniletee hapa nikikate. Stika mtapata leoleo."

Binti akashusha pumzi iliyokuwa imekaa kifuani tangu nyumbani. Wakaondoka kwenda dirishani, naye akamshika baba yake mkono kwa nguvu, ule ushikaji wa furaha ambao pia ni wa kuzuia.

"Umeona, baba? Hakugundua. Mama kawashinda."

"Hakugundua," Makochi akakubali. Lakini lile neno likamkaa vibaya mdomoni, kama mwiba wa samaki.

Dirishani alikuwepo dada mmoja mpole, miwani puani, sauti ya mtu aliyezoea kuwafariji watu kwa makosa asiyoyafanya yeye. Akaisoma karatasi ya mkaguzi kwa sauti huku akipiga muhuri.

"Kibao cha mbele, hakifai. Kibao cha nyuma, cha kiwandani, kizima." Akainua kichwa. "Cha kiwandani na bado kizima? Gari la miaka yote hii? Hongera, baba. Vibao tunavyotoa sasa hivi mvua mbili tu vinapauka. Lakini zamani serikali ilikuwa inatengeneza vitu."

Binti akamkanyaga baba yake mguu.

"Ndiyo," Makochi akasema.

"Serikali ya zamani ilikuwa na mafundi," dada akaendelea, akitafuta kibao kipya kwenye rafu. "Siku hizi basi tu. Wakubwa wangu nitawaambia waje wakione cha kwako, wajifunze."

"Hapana," Makochi akasema.

Binti akafumba macho. Alishajua.

"Hapana nini, baba?"

"Hapana, serikali haijawahi kutengeneza kile kibao. Kile kaandika mke wangu. Kwa mkono, kwa brashi ya nywele za ng'ombe, juu ya meza ya kulia chakula. Mafundi unaowasifia ni yeye. Mafundi wenu waliandika namba ikafutika, yeye kaandika haifutiki. Mmemng'olea vibao vyake mji mzima mkasema ni uchafu, sasa kimoja kimewapita machoni mnasema ni cha serikali. Kila kizuri chenu, kila kibaya chetu. Hata maiti hamuachi bila kumnyang'anya."

Foleni nzima ikanyosha shingo. Mtu mmoja nyuma, dereva wa lori la maji, akasema taratibu, "Mzee, ulikuwa umeshapita mlangoni. Umerudi kufuata nini?"

Dada wa dirishani akavua miwani. Hakukasirika, na hilo lilimfanya Makochi ajisikie vibaya zaidi. Akafunga droo, akatoka kwa mlango wa pembeni, akaelekea uwanjani, na nusu ya foleni ikamfuata, maana watu wa foleni ni watu wenye muda.

Mkaguzi akaitwa. Safari hii akainama. Akakitazama kibao cha nyuma, akasogea, akapitisha kidole juu ya herufi ya kwanza akitafuta pale palipoonekana kuchomoza. Kidole kikateleza. Bati lilikuwa tambarare. Akapitisha tena, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi aliyoizoea.

"Ni rangi," akasema.

"Ni rangi," Makochi akasema.

Dereva wa lori la maji naye akapitisha kidole. Dada wa dirishani akapitisha. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamwacha mtoto naye apitishe.

Mkaguzi akasimama kwa shida, akampeleka Makochi pembeni ya pikapu, binti akiwafuata.

"Mzee, nisikilize. Mimi nimeshaandika kwamba ni kizima. Kilichosemwa dirishani sikukisikia, nilikuwa huku. Chukua kibao chako kipya cha mbele, weka stika, nenda. Hiki kitabaki garini kwako mpaka gari life."

"Baba," binti akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Nakuomba. Si kwa ajili yao. Kwa ajili yangu. Ndicho pekee tulichonacho."

Makochi akaegemea bodi ya pikapu. Alitaka kunyamaza. Mungu anajua alitaka. Alikiona kibao kikienda nyuma yake barabara zote, mvua na vumbi, miaka. Na akawaona watakaomfuata kwenye foleni za magari, kila mmoja akikitazama na kusema moyoni, namba ya serikali. Trafiki akikigusa kwa kalamu: namba ya serikali. Wamekubali kiishi, kwa sharti kisiwe cha mkewe. Aliyekuwa akinyamaza katika nyumba yao ni yeye Mama Brashi, alinyamaza siku lori lilipopita, na Makochi hajawahi kujisamehe kwamba maneno yote aliyosema siku ile yalikuwa matusi, hakuna hata moja lililokuwa jina la mkewe.

"Andika ni cha mkono," akamwambia mkaguzi. "Na andika ni mkono wa nani."

"Nikiandika hivyo lazima nikikate. Amri si yangu."

"Najua si yako. Wenye amri sijawahi kuwaona uwanjani."

Binti akageuka, akatazama upande wa ukuta.

Makochi akaomba spana, akakifungua mwenyewe. Bolti zilikuwa na kutu, moja ikamkwaruza. Akakipangusa kwa mkono wa shati, kwanza mbele, kisha nyuma ambako hakuna wa kuangalia, akampa mkaguzi kwa mikono miwili. Cha mbele, kile cha herufi za walevi, akakitoa vilevile na kukitupa juu ya meza ya mkaguzi kama ganda la ndizi.

Mkaguzi akakishika cha nyuma bila kukipeleka kwenye mkasi wa bati.

"Nilikokulia mimi," akasema, "kulikuwa na kinyozi karibu na kituo cha mafuta. Kibao chake kilikuwa na kichwa cha mtu, nywele zimechongwa vizuri, lakini sikio moja kubwa kama sahani. Nikiwa mdogo nilikuwa napita pale makusudi."

"Ni mkono wake huo," Makochi akasema. "Yule kinyozi alikuwa hasikii la mtu. Mke wangu akamwongezea sikio."

"Na mwenyewe hakujua?"

"Alidhani ni mtindo."

Mkaguzi akacheka bila sauti, tumbo tu ndilo lililocheka ndani ya kizibao. Kisha akakiweka kibao chini ya mkasi. Akakisogeza kushoto, akakisogeza kulia. Kwa kawaida alikata katikati, kacha, kingine. Hiki alikitafutia ule uwazi mdogo kati ya herufi na tarakimu, akabana polepole kama fundi cherehani anayekata kitambaa cha mtu mkali. Hakuna herufi iliyoguswa. Vipande viwili vikaanguka mezani, kila kimoja kizima kwa upande wake.

"Siwezi kukupa," akasema, "vinahesabiwa." Akaviweka ndani ya pipa kwa mkono, hakuvitupa.

Ikabaki karatasi. Palikuwa na sababu zilizochapwa tayari, mkaguzi huchagua: kimepinda, kimefutika, kimevunjika. Akazisoma zote, akakuna shingo kwa kalamu. Hakuna iliyofaa. Chini kulikuwa na mstari mtupu wa maoni, ambao pengine haujawahi kuandikwa neno tangu ofisi ijengwe.

"Jina lake?"

Makochi akalitaja jina ambalo mkewe alizaliwa nalo, kisha akasema, "Lakini andika na Mama Brashi. Lile la kwanza hakuna aliyemjua nalo." Mkaguzi akaandika, taratibu, na mwishoni akaongeza maneno yake mwenyewe bila kuombwa: kazi nzuri sana. Akapiga muhuri juu.

Binti alikuwa amerudi kutoka ukutani, macho mekundu. Akausoma ule mstari, kisha akamuuliza mkaguzi swali ambalo baba yake hakulitegemea.

"Mlangoni je? Mlango wa gari una sheria ya kuandikwa kwa mkono?"

"Mlangoni andikeni mtakavyo. Matangazo ya kazi ruksa."

"Kwa leo," Makochi akasema. "Ngoja wakae kikao."

Walirudi na stika kiooni na vibao viwili vipya, vyenye kung'aa, ambavyo Makochi alivitazama kama mtu aliyeletewa chai isiyo na sukari. Walipofika kwenye ile kona ya mashine ya kusaga, binti akamgeukia baba yake.

"Ungenyamaza, tungekuwa nacho."

"Tungekuwa nacho. Kikiwa cha serikali."

Binti akafikiri. "Mama angekuambia ukae garini."

"Angeniambia."

"Na ungekaa?"

"Ningekaa. Ndiyo maana hakupaswa kufa." Na hapo Makochi akaendesha gari bila kuona vizuri mpaka binti akamshikia usukani kidogo, naye akasingizia jua.

Jumamosi, kabla ya kwenda kuchukua magodoro ya mwalimu, pikapu ilisimama mbele ya nyumba na mlango wake umepigwa msasa. Binti alikuja na brashi za mama yake. Moja ilikuwa na madoa meusi ya rangi ya nywele. Alikuwa ameitumia saluni siku zote hizo bila kumwambia baba yake, kwa kuwa ilimfaa mkononi. Makochi hakumgombeza. Akalikoroga kopo, akapiga goti kwenye kokoto, akaandika.

Ilichukua muda. Jirani mmoja alipita na ndoo, akarudi na ndoo imejaa, na bado alikuwa kwenye herufi ileile. Alipomaliza, mlangoni pa pikapu palisimama maneno mawili, MAMA BRASHI, makubwa, yanaegemeana, herufi ya mwisho imebanwa na kitasa.

Binti akasogea nyuma, akayatazama ameweka mkono kiunoni.

"Baba, kivuli umekiweka pande zote mbili."

"Nimeona."

"Jua haliko pande mbili."

"Najua lilipo," Makochi akasema, akaipangusa brashi kwenye suruali yake. "Hebu panda gari. Watu wanalala kwenye mbao."